Mpaka utafungwa au hautafungwa?

Mjomba alinipigia jioni nikiwa Mwenge nasubiri gari, makonda wanaita, honi kila kona, ikabidi nizibe sikio moja. Nikamwamkia, akaitikia haraka haraka, hata habari za watoto hakuuliza.

"Mjomba, we si uko Dar huko karibu na wakubwa. Hebu nambie, mwakani mpaka utafungwa au hautafungwa?"

Nikamuuliza mpaka gani. Akasema wa mahindi.

Mjomba analima Namtumbo, kule Ruvuma. Ilikuwa Oktoba, mvua bado, mbegu hajanunua, mbolea hajachukua, na alichokuwa anatafuta ni kujua alime ekari ngapi. Mbili za chakula hizo hazina mjadala, analima kila mwaka. Zilizobaki ni za biashara na hizo ndo zilikuwa zinamnyima usingizi, maana akilima zote halafu Julai mtu asimame jukwaani aseme mahindi hayatoki nje, basi hela ya mbegu, ya mbolea, ya vibarua wa palizi, yote imezama. Asipolima halafu bei ikapanda, atakaa barabarani anahesabu malori ya wenzake.

Nikamwambia sijui.

Akanyamaza kidogo. "Sasa kama na nyie hamjui, nani anajua?"

Nimekaa na hilo swali wiki nyingi. Kila nikisikia habari ya usalama wa chakula kwenye taarifa ya habari, tani ngapi zipo ghalani, asilimia ngapi tumejitosheleza, namuona mtu mmoja amesimama kwenye shamba ambalo halijalimwa anajaribu kubashiri hotuba ya mwakani.

## Miaka kumi na kitu ya kubahatisha

Ukiangalia toka alipo yeye, hivi ndivyo mambo yalivyokwenda. 2011 serikali ilizuia mahindi kwenda nje kuanzia Julai, yaani wakati watu wa kusini ndo wanatoa mahindi shambani, halafu kabla mwaka haujaisha zuio likaondolewa. 2012 tukaahidiwa hadharani kwamba mambo ya kuzuia zuia yameisha, mkulima auze anakotaka. Watu wakaamini.

Mwanzoni mwa 2017 unga ulipanda sana, mnakumbuka zile kelele za njaa ipo, njaa haipo. Mjomba na wenzake wakaona bei ile wakasema huu ndo mwaka, wakalima kwa nguvu. Juni, kwenye Idd, Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza kule Kilimanjaro kwamba mahindi hayatoki, anayetaka kuuza nje asage auze unga. Mimi hoja ya kusaga naielewa, kweli tunapoteza ajira na pumba tukiuza nafaka ghafi, lakini mashine za kusaga mahindi yote ya Ruvuma, Rukwa, Songwe na Njombe hazijengwi ndani ya msimu mmoja. Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Bei ikaanguka.

Zuio likaja kuondolewa baadaye. Machi 2021 ikawa zamu ya Kenya, wao ndo wakakataa mahindi ya kwetu na ya Uganda kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, siku chache baadae wakalegeza kwa masharti. Mwaka huohuo mahindi yakajaa nyanda za juu kusini mpaka yakakosa pa kwenda. 2023 mpaka haukufungwa kwa jina, ila vikaja vibali na leseni na karatasi ambazo wafanyabiashara hawakuwa nazo, malori yakapanga mstari Namanga, mpakani na Kenya. 2024 upepo ukageuka kabisa, ukame wa El Niño ukaipiga Zambia na sisi tukakubaliana kuwauzia tani 650,000.

Kila uamuzi hapo ukiutazama peke yake una sababu yake. Shida ni ukiupanga mstari mmoja.

Mtu anayelima mara moja kwa mwaka hawezi kwenda na hiyo kasi.

## Jibu langu la kwanza

Siku zile za mwanzo nilikuwa na jibu la haraka: fungua mipaka, basi, acha watu wauze. Na bado naona lina uzito mkubwa kuliko wengi tunavyokubali.

Fikiria hivi. Serikali ikitoa ruzuku ya mbolea tunaiona. Ilizinduliwa Nanenane ya 2022 pale Mbeya, bei ya mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea ikashushwa kutoka zaidi ya laki moja mpaka elfu 70, mkulima anajisajili, anapewa namba, na hela yenyewe imepita bungeni. Ni kitu kizuri, sina ubishi, mjomba mwenyewe ameitumia. Lakini zuio la kuuza nje nalo ni hela, ila haliandikwi kwenye bajeti yoyote. Tuseme ekari inatoa magunia 10. Bei ikitoka 700 kwa kilo ikaenda 350 kwa sababu wanunuzi wa nje wameondolewa, kila gunia la kilo mia limepoteza elfu 35, ekari nzima laki tatu na nusu. Ruzuku ya mifuko miwili kwa ekari, mmoja wa kupandia mmoja wa kukuzia, hata tukisema imemuokolea elfu 50 kila mfuko, ni laki moja.

Kapewa laki moja mbele ya kamera, kachukuliwa laki tatu na nusu kimya kimya.

Na nani kachukua? Hapa ndo nilipata shida, maana jibu ni mimi. Mimi ninayenunua unga Dar. Bei ya mjomba ikianguka mimi nakula kwa nafuu. Usalama wa chakula wa mijini umelipiwa na mtu ambaye nyumba yake bado anaezeka kidogo kidogo kila msimu, na hakuna mtu aliyemuuliza kama anataka kuchangia.

## Upande wa pili wa sufuria

Halafu ukageuza upande mwingine. Jirani yangu anapika ugali na maharage kwa mafundi wa ujenzi, yule mama akipandisha sahani kwa mia mbili tu nusu ya wateja wanahamia kwenye mihogo. Huyo naye hana akiba. Watoto wake wanakula kutokana na ile ile sufuria. Nikisema acha bei ipande mpaka itakapopanda, namwambia nini yeye?

Na serikali zina sababu ya kuogopa, tusijifanye hatujui. Malawi, majirani zetu hapo ng'ambo ya ziwa, waliuza karibu hifadhi yao yote ya nafaka halafu mavuno yakaharibika, 2002 watu wakafa kwa njaa. Sisi wenyewe katikati ya miaka ya 70 ukame ulikutana na kuhamishwa kwa watu vijijini, nchi ikalazimika kuagiza nafaka nje kwa dola ambazo haikuwa nazo. Waziri yeyote anayelala na kuota ghala tupu simlaumu. Ghala tupu linaua.

Lakini kilichonivuruga zaidi kilikuja kwenye simu nyingine na mjomba. Nikawa namwambia kwa ujasiri kwamba mpaka ukiachwa wazi wakulima wote mtafaidika. Akanikatisha.

"Wote nani? Huyu jirani yangu hapa Februari atakuja kununua mahindi kwangu."

Ikabidi anielezee taratibu. Jirani ana ekari moja na nusu. Anavuna Juni, Julai anauza karibu yote, maana ana deni la pembejeo, mtoto anaingia kidato cha tano na mahitaji ni mengi, nyumbani kuna mgonjwa. Anauza wakati bei iko chini kabisa kwa sababu kila mtu anauza. Ikifika Januari, Februari, ndani hamna kitu, anaingia sokoni kununua yale yale mahindi kwa bei mara mbili. Kwenye karatasi za wizara huyo ni mkulima wa mahindi. Kwenye maisha yake ni mlaji anayelipa zaidi ya mimi wa Dar.

Kwa hiyo bei ikipanda mjomba anacheka na jirani yake analia, na wanatenganishwa na mfereji tu.

Nilikaa na hilo muda. Maana tukisema "mkulima anataka bei nzuri" tunamzungumzia mjomba, mwenye ekari za ziada, na tunamsahau yule wa pili, ambao pengine ndo wengi zaidi vijijini. Yule wa pili bei ya Julai ikiwa juu inamsaidia kidogo, ya Februari ikiwa juu inammaliza. Anachohitaji yeye ni pengo kati ya Julai na Februari lipungue.

Na pengo hilo linapungua kwa ghala.

## Dumuzi na vihenge

Hakuna sera inayozungumzika bila kumtaja dumuzi. Mdudu huyu hakuwepo Afrika, alionekana mara ya kwanza Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 80 akawa janga, watu wakampa jina la Scania kwa jinsi alivyoingia na mizigo na anavyosaga. Gunia lenye dumuzi baada ya miezi michache unabaki na vumbi. Sasa mtu anayeambiwa "usiuze Julai, subiri bei ipande" anaambiwa akae na dumuzi nyumba moja. Kuna dawa za kuchanganya na kuna mifuko ile ya kinga njaa ambayo inabana hewa, mdudu anakufa ndani bila dawa yoyote, na inafanya kazi kweli. Ila mfuko mmoja una bei ya mifuko kadhaa ya kawaida, na yule jirani wa ekari moja na nusu ndo anayeihitaji zaidi na ndo asiyekuwa na hela ya kuinunua mwezi anaoihitaji.

Ningeulizwa ruzuku inayofuata iende wapi ningesema hapo. Mbolea inaongeza magunia, sawa, lakini gunia lililoongezeka likiishia kwa dumuzi au kwa mlanguzi wa Julai anayefungasha lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo, tumeongeza nini?

Upande wa serikali kumefanyika kitu kikubwa na nadhani hatukisemi vya kutosha. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulikuwa na uwezo wa kuhifadhi tani 251,000 tu. Ukaja mkopo wa Poland, vikajengwa vihenge vya kisasa na maghala Makambako, Songea, Sumbawanga, Mbozi, Mpanda, Babati, Shinyanga na Dodoma, lengo likiwa kufika tani 501,000. Vile vihenge vya chuma ukipita barabarani unaviona kwa mbali. Kwangu mimi kila kihenge kile ni sababu moja iliyopungua ya kufunga mpaka. Nchi yenye nafaka yake mkononi haina haja ya kushtuka lori la mahindi likivuka Tunduma.

Ila kihenge kinajazwa kwa kununua, na kununua kuna mambo yake. Mahindi lazima yawe makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5, yawe yamechekechwa, yasiwe na yaliyooza. Ni haki kabisa, sumukuvu inaua na Kenya ilishatuonyesha inaweza kufunga soko siku moja. Lakini mkulima mdogo anapimia unyevu kwa jino. Anakodi gari mpaka kituo, mashine inasema 15, anarudishwa, nauli imeenda. Akikutana na mnunuzi wa mtaani njiani anamuuzia kwa bei yoyote, yule ananunua, anaanika, anachekecha, anapeleka yeye. Ile bei nzuri iliyotangazwa kwa jina la mkulima inaingia mfuko mwingine. 2024 NFRA ilipofika shilingi 700 kwa kilo ilikuwa bei ya kumfanya mtu alime tena. Swali langu ni mikononi mwa wangapi ilifika 700 ikiwa 700.

Turubai za kuanikia, kipima unyevu kimoja kila kijiji, kituo cha kununulia kisichohitaji kukodi Fuso. Haya hayapendezi kwenye picha za uzinduzi na pengine ndo maana yanachelewa.

## Kwanini kusini ndo ghala la taifa

Nikiwa natafuta majibu nikaanza kujiuliza swali ambalo sijawahi kujiuliza: hivi kwanini mahindi yanatoka mbali hivi? Songea mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 900. Akili ya biashara ingesema yalimwe karibu na walaji.

Nikamuuliza mama mkubwa, dada yao mkubwa akina mjomba, kumbe anajua vizuri. Wakati wa Shirika la Usagishaji la Taifa, lililokuwa linanunua mahindi ya wakulima, miaka ya 70, bei ya mahindi ilikuwa moja nchi nzima, uwe Morogoro au uwe Namtumbo. Gharama ya kusafirisha ilibebwa na serikali. Mbolea nayo ilikuwa na ruzuku. Wazee wetu ambao hawajawahi kuona mnunuzi akija mpaka kijijini wakajikuta wana soko, wakafyeka, wakalima. Huo ndo mwanzo wa mikoa ya kusini kuitwa ghala la taifa.

Shirika lenyewe liliishia vibaya, madeni yasiyolipika, mahindi yanaoza, wakulima wanakaa bila malipo, na likipata nakisi serikali inachapa hela. 1984 ruzuku ya sembe ikaondolewa na taratibu biashara ikarudi kwa watu binafsi. Mama mkubwa hataki lirudi na mimi sitaki lirudi.

Lakini alisema kitu ambacho kilinigeuza.

"Hela yao ilikuwa inachelewa, ila bei tulikuwa tunaijua kabla hatujashika jembe."

Tangu hapo nikaacha kubishana na nafsi yangu kuhusu mpaka uwe wazi au ufungwe. Hilo swali ni dogo. Mjomba hakunipigia kulalamika kuhusu mpaka. Alikuwa yuko tayari hata kuambiwa utafungwa, angelima ekari tatu akapanda alizeti au ufuta sehemu iliyobaki, maisha yakaendelea. Kilichomshinda ni kuamua gizani.

## Oktoba, sio Julai

Kwahiyo ninachokiomba ni kitu chenye tarehe.

Bunge la bajeti linakaa Aprili mpaka Juni, mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, na bei ya NFRA inatangazwa wakati mahindi yameshavunwa au yako kwenye magunia. Kwa mhasibu huo mpangilio umekaa sawa. Kwa mtu anayepanda Novemba umepinduka. Naomba itangazwe Oktoba, kabla ya mvua: bei ya chini ambayo NFRA itanunulia msimu ujao, tani ngapi itachukua kila mkoa, na vituo vitakuwa wapi. Isiwe bei ya kumfurahisha mtu, iwe bei ambayo hazina inaweza kweli kuilipa, ili soko likiwa juu mkulima auze sokoni na likianguka awe na pa kuangukia.

Na kuhusu mpaka, iandikwe kwenye sheria, kwa namba. Hifadhi ikishuka chini ya tani kadhaa, kusafirisha nje kunapunguzwa kwa utaratibu huu na kwa muda huu, ikipanda juu ya hapo hakuna mtu, awe waziri awe mkuu wa wilaya, mwenye mamlaka ya kusimamisha lori. Namba yenyewe wataalamu wakae waipange, wanaiweza. Ikishaandikwa, mjomba anaweza kufuatilia taarifa za ghala kwenye simu yake akajiamulia, hahitaji kuwa na mpwa Dar.

Najua litakuja suala la hela. Kununua mahindi mengi Julai kunahitaji fedha taslimu Julai, na kihenge kikijaa kuna gharama ya kutunza, na mwaka ambao bei imeanguka dunia nzima hazina itapata hasara. Ni kweli. Bajeti ya wizara ya kilimo imepanda sana, kutoka bilioni 294 mwaka 2021/22 mpaka trilioni 1.2 mwaka 2024/25, na aliyefanya hivyo apewe haki yake. Ila bajeti ya nchi mwaka huo ilikuwa trilioni 49, fungu la wizara ni kama asilimia mbili na nusu, na Afrika ilikubaliana Maputo 2003 kwamba kilimo kipate 10. Nafasi ya kusogea ipo.

Kuna miaka ambayo kwa mpango huu unga Dar utapanda kuliko tulivyozoea. Mimi nitalipa, niko tayari, mshahara wangu haujategemea mvua. Yule mama wa ugali na yule jirani wa Februari hawataweza, na hao wasaidiwe wao wenyewe moja kwa moja, kaya maskini zimeshaandikishwa TASAF kijiji kwa kijiji na mtaa kwa mtaa, mwezi ambao unga umepanda nyongeza iende kwao. Itakuwa kwenye bajeti, itaonekana, tutaijadili na tutajua nani kailipia. Kwa sasa anayelipia ni yule aliyevuna, na anaambiwa akiwa tayari ameshafunga magunia.

Wabunge wa Ruvuma, Rukwa, Songwe, Njombe, Iringa, Mbeya na Katavi ni wengi kuliko tunavyofikiri. Wakisimama pamoja kwenye kikao kimoja tu cha bajeti wakasema fungu la NFRA halipiti mpaka tarehe ya kutangaza bei ihamie Oktoba, itahama. Mbunge wa mjomba nimeshamwandikia. Wa kwenu mwandikieni.